Rifu 17 na wimbo sifuri: jibu langu kwa kijana wa Langoni anayetaka kutoa metali mwakani

Kijana mmoja wa Langoni, Lamu, anayepiga metali, ile rock nzito ya magitaa, kaniandikia wiki hii. Barua yake ni ndefu, naifupisha, na rifu anazozitaja ni vile vipande vifupi vya gitaa vinavyorudiwarudiwa: "Kaka, sisi tuko wanne, magitaa mawili, besi na drams. Tulianza Februari. Mwaka ndo huu unaisha na tuna rifu 17 kwenye simu lakini hakuna wimbo hata mmoja uliokamilika. Wenzangu wanataka mwakani tutoe albamu ya nyimbo kumi, mi naona singo. Mpiga besi anasema lazima tuimbe Kiingereza ndo dunia isikie. Mzee wangu anasema ni kelele tu za shetani. Mpiga drams wetu anafanya kazi ya mashua za watalii kwa hivyo msimu huu hatumuoni. We umepiga hii kitu miaka mingi hapo Malindi, mwaka wako umekuaje na mwakani unapanga nini? Na sisi tufanye nini?"

Mdogo wangu, waaleikum salaam. Umeniuliza mwaka wangu umekuaje, ntaanza na hapo kwa sababu jibu lako liko ndani yake.

Januari niliandika majina ya nyimbo kumi kwenye karatasi nikaibandika ukutani chumbani kwangu hapa Muyeye, Malindi. Leo zimeisha tatu. Mbili zilikuwa zimefika mbali, drams tayari, magitaa tayari, nikabakisha sauti tu, afu mwezi wa tano stima ikapotea usiku ikarudi na nguvu ambayo sijui ilitoka wapi, hadidiski ikafa papo hapo na sikuwa na kopi popote. Wiki nzima sikugusa gitaa. Nakwambia hili kabla ya mambo yote ya maana kwa sababu najua rifu zako 17 ziko kwenye simu moja, na hio simu inapanda mashua na inalala karibu na maji ya chumvi. Kabla hujamaliza kusoma hapa zitume kwa wenzako wote watatu, kila mmoja awe nazo, na nyingine uweke mtandaoni kwenye akaunti yako. Kopi tatu na moja iwe mbali na nyumbani. Hio ni kazi ya dakika kumi na mimi singeilipia bei niliyoilipa.

Sasa zile tatu zilizokamilika. Nimekaa na karatasi hii wiki nzima najiuliza zina nini ambacho zile saba hazina. Si kwamba ni nzuri zaidi, kusema kweli wimbo ninaoupenda kuliko zote mwaka huu bado haujaisha. Lakini zile tatu kila moja nilianza na kumaliza ndani ya wiki tatu, na kila moja kulikuwa na mtu anaingojea. Moja niliahidi kuipiga Nairobi siku fulani. Moja nilimuahidi mshkaji aliyefiwa. Ya tatu mpiga besi wangu alikuwa anasafiri kwenda kazini Qatar na alikuwa na siku 18 tu nchini. Zile nyingine, ukitoa mbili zilizokufa na hadidiski, nilikuwa nazirudia rifu ya kwanza tu, naibadilisha, naiongeza, nairekodi upya na tuni ingine, na kila nikiirudia naona kama nafanya kazi kumbe wimbo hausogei hata hatua moja. Nadhani ndo mahali mlipo nyinyi.

Rifu ni tofali. Ukiwa na tofali 17 uani bado unalala nje.

Na mwaka huu kuna kitu kingine kilichonirudisha darasani. Tarehe 5 Julai 2025 Ozzy Osbourne, muimbaji wa bendi ya metali ya Black Sabbath, alipiga onyesho lake la mwisho pale Villa Park, Birmingham, mtaani kwao kabisa, na wenzake wote watatu wa Black Sabbath wa tangu mwanzo, akiwa amekaa kwenye kiti kwa sababu maradhi ya Parkinson yalishamchosha miguu. Tarehe 22 mwezi huohuo akafariki, miaka 76. Mi si mtu wa kulilia wasanii lakini usiku ule nililia, manake ile sauti ndo niliisikia kwanza nikiwa darasa la saba kwenye kanda ya mjomba na sikujua binadamu anaweza kupiga gitaa likawa zito vile. Basi baada ya hapo nikarudi kusikiliza albamu yao ya kwanza polepole, kama mtu anayesoma. Ile albamu waliirekodi kwa siku moja, Oktoba 1969 huko London, ikatoka 13 Februari 1970. Siku moja mdogo wangu. Na hawakuwa na uchawi wowote, walikuwa wameshazipiga zile nyimbo kwenye vilabu usiku baada ya usiku mpaka kila mtu anajua ataingia wapi na atatoka wapi, studio walienda kupiga picha tu ya kitu kilichokwisha kuwepo. Kwa hivyo ukiniambia hamna studio Lamu nakuelewa, lakini hilo si tatizo lenu la mwaka huu.

Na yule mpiga gitaa wao, Tony Iommi, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine kwenye kiwanda cha mabati akiwa na miaka 17. Akayeyusha chupa ya plastiki akajitengenezea vifuniko vya vidole, akatafuta nyuzi nyepesi, na baadae akaziteremsha nyuzi chini, kwenye albamu ya tatu mwaka 1971 zimeshuka nusu-toni tatu, zikawa legevu na laini kwa vidole vyake, na ule uzito ambao leo dunia nzima inauita metali kwa sehemu kubwa umetoka kwenye kidonda cha mtu mmoja na chupa aliyoiokota jikoni. Nakuhadithia hivi kwa sababu swali la mpiga besi wenu kuhusu Kiingereza jibu lake liko hapa. Wale watu walitumia walichokuwa nacho. Nyinyi mna nini Langoni?

Mna lugha. Na hapa naomba ukae vizuri, hii ndo sehemu niliyotaka kukuandikia tangu nilipoona barua yako.

Watu wengi wanasema Kiswahili hakikai kwenye metali, eti maneno ni marefu, eti yanalainisha. Mi pia niliwahi kuamini hivyo miaka ya kwanza nikaimba Kiingereza kibovu ambacho hata mimi mwenyewe leo sikielewi. Tatizo si lugha, tatizo ni kwamba tunatunga rifu tukiwa na Kiingereza masikioni afu tunajaribu kupachika Kiswahili juu yake. Kwenye Kiingereza mstari mara nyingi unaishia na silabi iliyokazwa, neno fupi, pap, gitaa linasimama nalo. Kiswahili mkazo uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, karibu siku zote, kwa hivyo baada ya mkazo kunabaki silabi moja nyepesi inayoning'inia. Ukiwa umesimamisha rifu palepale kwenye pigo la mwisho, ile silabi inamwagika nje na ndo unasikia wimbo umechechemea.

Sasa angalia. Chukua kipande cha utenzi, mizani nane, yaani silabi nane, kile kipimo ambacho babu zako hapo Lamu wametungia karne na karne. Nimekutungia ubeti mmoja wa mfano:

Minyororo ikatike
Na mlango ufunguke
Ngoma zisipumzike
Hadi kuche asubuhi

Hesabu mdundo wa kawaida wa nne, moja-na-mbili-na-tatu-na-nne-na, ni vipigo vinane. Mizani nane, vipigo vinane, kipande kimoja kinajaza baa moja, yaani mzunguko mmoja wa hio nne, bila kubaki na bila kuzidi. Sneya, ile ngoma kavu ya kwenye drams, inagonga kwenye mbili na kwenye nne, yaani kipigo cha tatu na cha saba. Haya soma kwa sauti: mi-nyo-RO-ro i-ka-TI-ke. Umekaza wapi? Ya tatu na ya saba. Na m-LA-ngo u-fu-NGU-ke, ya tatu na ya saba. Mstari wa tatu mkazo wa kwanza unahama, NGO iko kipigo cha kwanza, lakini ile ZI ya mwisho iko palepale kwenye saba. Na itakuwa hivyo siku zote, kwa sababu kipande cha mizani nane lazima silabi ya pili kutoka mwisho iwe ya saba. Maana yake ni kwamba sneya ya pili ya kila baa inakaziwa na lugha yenyewe, huhitaji kufanya lolote ila kuacha nafasi ya kipigo cha nane ile vokali ya mwisho ipumue. Simamisha rifu kwenye nne, acha sauti ivuke peke yake. Jaribuni hilo tu kwenye rifu moja, mtasikia wenyewe.

Siku nilipoligundua hili nilikuwa kwenye matatu nikitoka Mombasa, natafuna mistari mdomoni na vidole vinagonga kiti cha mbele, abiria wa mbele akageuka mara mbili. Niliposhuka Malindi nilikimbia nyumbani.

Na jambo la pili ni vokali. Karibu kila neno letu linaishia na vokali. Anayenguruma anahitaji vokali kuliko kitu chochote, a na o zinafungua koo, unaweza kuivuta baa nne nzima, jaribu kuvuta neno linaloishia na t ama k uone. Halafu nyinyi mna Kiamu juu yake. Sisi tunasema nchi nyinyi mnasema nti, macho ni mato, njaa ni ndaa. Ile t inakata kama panga. Mwambie mpiga besi kuwa bendi ya metali inayoimba kwa Kiamu haipo popote duniani kwa ninavyojua mimi, na dunia anayoitaka isikie imeshajaa bendi za Kiingereza za kutosha. Alien Weaponry wa New Zealand wanaimba Kimaori na wamezunguka Ulaya nzima. Sepultura wa Brazil walienda kurekodi pamoja na Waxavante, wenyeji wa asili wa huko, kwenye kijiji chao na ile albamu, iliyotoka 1996, ndo iliyowafanya wasisahaulike. Hapa kwetu Kenya wale jamaa wawili wa Duma walitoa albamu yao 2020 na lebo ya Kampala, kelele tupu, na watu wa mbali wakaisikia palepale ilipo, hawakusubiri ifanane na ya kwao.

Kuhusu mzee wako, naomba usimjibu kwa hasira na usimjibu kwa siri pia. Mzee akisema kelele za shetani mara nyingi anasema nimeogopa sielewi mwanangu anaenda wapi. Mkalishe umsimulie kisa anachokijua kukuliko: Fumo Liyongo, shujaa wetu wa zamani wa pwani. Amefungwa gerezani, hukumu yake kifo, mamake akamtumia kijakazi Saada na mkate wa makapi, tupa ya kukatia chuma imefichwa ndani, walinzi wamekula mikate mizuri wakamwachia huo mbaya. Tupa anayo, lakini akianza kukata pingu watasikia. Afanye nini? Akaomba apigiwe ngoma ya gungu nje, matwari na matasa na watu kuitikia, na mle ndani ya zile kelele ndo akakata chuma mpaka kikakatika. Muhammad Kijumwa wa Lamu, mtu wa mji wenu, ndo aliyeuandika utendi wake mwaka 1913. Mi sijawahi kusikia maelezo mazuri kuliko hayo ya kwa nini mtu apige muziki wa sauti kubwa. Kelele iliyomfunika mtu akikata minyororo. Nilipomsimulia babangu hivyo, marehemu, hakusema amekubali, alisema tu "basi msipige wakati wa adhana", na tangu siku hiyo hatukupiga wakati wa adhana.

Hilo nawe lishike. Funga spika dakika tano kabla, ngoja watu wamalize sala, endelea. Ijumaa mchana pumzikeni. Na msichukue kasida wala kisomo mkaweka distoshoni, ule mkwaruzo wa gitaa la umeme, juu yake, hata kama ina melodi inayokuita, ile ni ibada ya watu na mji wenu ni mji wa msikiti wa Riyadha, watu wanatoka mbali kuja Maulidi. Kuna vingi vya kuchukua bila kugusa hapo: kirumbizi na zile fimbo, chakacha na mdundo wake wa sita kwa nane ambao ukiuongezea kiki mbili, zile ngoma kubwa za mguu, unakuwa kama farasi anayekimbia, gungu lenyewe, na ile siwa ya shaba ya Lamu, bwana, pembe inayopulizwa na ikatikisa ukuta kabla ya amplifaya kuvumbuliwa. Na kama mzee anaona huu muziki hauwezi kukaa na dini muonyeshe wale mabinti watatu wa Indonesia, Voice of Baceprot, wanatoka Garut huko Java, wamevaa hijabu zao na wanapiga metali nzito sana, walitishwa sana nyumbani mwanzoni, na 2024 walipanda jukwaa la Glastonbury Uingereza, bendi ya kwanza kutoka nchi yao. Hawajaacha dini na hawajaacha gitaa.

Sasa albamu ama singo. Mi nasema nyimbo nne. Si kumi. Kumi ndo karatasi iliyokuwa ukutani kwangu na unajua ilivyoishia. Singo moja nayo ni ndogo mno kwa bendi ambayo haijajijua bado, ukitoa moja ikanyamaziwa mnavunjika moyo na mnaachana kabla ya Idd. Nne zinatosha kumwambia mtu nyinyi ni nani, zinajaza dakika 18 ama 20 za jukwaani, na ikija nafasi ya kupiga Mombasa ama Nairobi mko tayari. Mkishazimaliza zote nne mnazitoa mojamoja, kila wiki sita, afu mwisho mnaziweka pamoja kama albamu fupi. Lakini msitoe ya kwanza kabla ya ya nne kuisha. Nakusihi hapo. Bendi nyingi ninazozijua zilitoa ya kwanza, zikashangiliwa, zikatumia mwaka mzima kujibu salamu.

Panga mwaka wako na pepo, kama wavuvi. Sa hii ni kaskazi, watalii wamejaa, mpiga drams hayupo mpaka mwisho wa Januari ama zaidi, basi msimngoje na msimlaumu, ndo riziki yake. Kazi ya sasa ni nyinyi watatu kukaa bila drams na bila umeme hata, gitaa kavu, mkapita rifu zote 17 na kila moja mkaijibu swali moja: ina pa kwenda? Ukipiga rifu na mwili wako haujui kinachofuata iweke kando, usiifute, iweke. Mtabaki na sita ama saba. Katikati ya Februari 2026 inaingia Ramadhani, mji unatulia, hapo hakuna kupiga kelele lakini ni mwezi mzuri sana wa kuandika mashairi baada ya tarawehe, mistari ya mizani nane, mnasomeana. Mi nyimbo zangu nzito kuliko zote nimeziandika Ramadhani, sijui kwa nini, labda njaa inaondoa maneno ya ziada. Baada ya Idd, mwezi wa nne na wa tano, mvua, kusi inaanza, watalii wameondoka, mashua zinapandishwa ufukweni, mpiga drams yuko bure kila siku. Hapo ndo mnapiga. Kila siku, nyimbo nne tu, mpaka mnaweza kuzipiga gizani stima ikipotea, na itapotea. Juni mnarekodi.

Kurekodi ntakueleza kwa haraka kwa sababu kunahitaji mkae na kompyuta na kushika, si kusoma. Programu kama REAPER inakupa siku 60 za kujaribu bure na leseni yake ni dola 60, haina haja ya kuiba. Mnahitaji kadi ya sauti ya kuchomeka gitaa, hata ya matundu mawili. Anzeni na metronomu, kile kidude cha kuhesabia mwendo, gitaa la mwongozo, afu drams. Kama hamuwezi kurekodi drams halisi mziandike kwenye kompyuta lakini mpiga drams mwenyewe awepo, yeye ndo aseme mguu unaenda wapi, otherwise mnatengeneza kitu ambacho hakuna binadamu anaweza kukipiga. Magitaa ya rifu pigeni mara mbili, mara mbili kweli si kunakili, moja kushoto moja kulia, ndo ule ukuta unatoka hapo. Punguzeni distoshoni kuliko mnavyotaka, kwa sababu mkipiga mara mbili inajiongeza yenyewe na ikizidi inakuwa mvua ya mchanga, hamsikii nyuzi. Na msikate sauti za kati. Kila mtu anaanza kwa kuzikata kwa vile chumbani peke yako inasikika tamu, kwenye bendi gitaa linapotea kabisa. Tuni kila baada ya kupiga mara moja. Kila mara moja. Joto la kwetu linalegeza uzi wakati bado unanyoosha shingo.

Nyuzi pia, manake naona kwenye picha uliyonituma zina kutu. Hewa ya bahari inakula nyuzi kwa wiki mbili tatu. Futa kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza, weka gitaa ndani ya mfuko wake na vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, usivitupe. Na kama mnateremsha hadi noti ya C, zile nyuzi nyembamba za 9 hazifai, zitapiga fretini kama makuti kwenye upepo, tafuta za unene wa 11 mpaka 56 ama karibu na hapo, afu umpe fundi arekebishe intonesheni, noti zisipotoke kwenye freti za juu. Nunua seti mbili, moja uiweke isifunguliwe mpaka siku ya kurekodi.

Koo lako: ukisikia maumivu simama. Kunguruma kunatoka tumboni na juu ya nyuzi za sauti, si kwa kuzikwaruza. Dakika 20 kwa siku zinatosha mwaka wa kwanza, maji mengi, na usinong'one siku koo limechoka, kunong'ona kunaweza kuchosha zaidi kuliko kuongea.

Pesa nisikudanganye. Tangu 2024 Spotify hailipi wimbo ambao haujasikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12. Kwa bendi ya metali ya Lamu mwaka wa kwanza hio ni namba kubwa, kwa hivyo msihesabu chakula hapo. Andikisheni kazi zenu Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, na nyinyi wanne muandikiane karatasi moja tu nani anamiliki nini, sawa kwa sawa, msaini sa hii mkiwa marafiki. Mi niliwahi kupoteza rafiki wa miaka tisa kwa sababu ya wimbo ambao haukuingiza hata elfu moja.

Mwakani mimi? Nne pia. Nimeitoa ile karatasi ya kumi ukutani jana usiku. Ya kwanza ni kuhusu Mekatilili wa Menza, nimeibeba miaka mitatu nikiogopa kuigusa. Yule mama alikusanya Wagiriama kwa ngoma ya kifudu mwaka 1913, akawakatalia Waingereza vijana wasichukuliwe kazi, Oktoba wakamkamata wakampeleka Kisii, mbali, upande wa pili wa nchi, na Januari 1914 akatoroka akarudi kwa miguu. Kwa miguu mdogo wangu, kutoka Kisii mpaka huku, mtu mzima yule. Agosti ya mwaka huo Waingereza wakailipua Kaya Fungo, makao matakatifu ya Wagiriama, kwa baruti. Mi nimekulia kwa bibi upande wa Ganze na hicho kisa nilikisikia jioni kwa jioni, na wimbo wenyewe nataka uwe wa mwendo wa kutembea, si wa mbio, hatua za mama anayerudi nyumbani, kayamba la kweli likipigwa mwanzo mpaka mwisho mahali ambapo kawaida yangekuwa matoazi ya drams, na gitaa linaingia zito tu pale kaya inapolipuliwa. Nishaongea na kina mama wawili wapiga kayamba wa Ganze, wamekubali, na mmoja kaniuliza kwa nini gitaa linalia kama ng'ombe aliyechinjwa vibaya. Nikamsimulia kaya. Akanyamaza, akasema basi liache lilie.

Hio itatoka kabla ya Agosti. Nimekwambia wewe sasa, kwa hivyo kuna mtu anaingojea.

Na ya Liyongo sitaigusa, ni yenu. Ile rifu ya tano uliyonitumia, yenye kusimama katikati, nimeipiga hapa mara nyingi tangu juzi, naona ina pa kwenda. Nirekodie tena bila distoshoni kabisa, na metronomu 92, na uniandikie ubeti mmoja kwa Kiamu, tupa inakata na nje wanapiga gungu. Nataka niipate kabla mpiga drams hajarudi kutoka majini.